Kiharage cha Nyuma ya Goti

Neno lilitoka kwenye chumba cha eksirei Ijumaa mchana, na kufikia Jumapili lilikuwa limeshaua mtu mmoja Dareda. Jina la marehemu huyo hakuna aliyelijua. Ilitosha kwamba alikuwa na kitu hicho hicho nyuma ya goti, akakipuuza, kikapanda.

Mwalimu Sosthenes alilipata neno hilo Jumamosi asubuhi, likiwa bado halijaua mtu. Alikuwa nyuma ya nyumba yake pale Bagara, anakaza waya wa banda la kuku, aliposikia geti likigongwa taratibu, ugongaji wa mtu mwenye shida. Mgeni alikuwa Wilbert, mtoto wa marehemu kaka yake, mhandisi wa maji huko Dodoma. Alimwamkia baba yake mdogo, akaitikiwa, akasema amekuja tangu juzi kwa ajili ya mama.

Sosthenes alikuwa amefundisha Kilatini seminarini kwa sehemu kubwa ya maisha yake, mpaka vipindi vya somo hilo vilipopunguzwa na yeye akafikia umri wa kustaafu. Mambo hayo mawili yalitokea mwaka mmoja, na watu walipenda kusema la kwanza ndilo lililoleta la pili. Kila mara aliwasahihisha. Tarehe ya kuzaliwa ya mtu haina uhusiano na ratiba ya masomo. Ndivyo alivyokuwa: ukimwambia mvua imenyesha sana, atakuuliza imenyesha wapi.

Habari ya Wilbert ilikuwa hivi. Mama yake, Benadetha, alikuwa analalamikia goti la kulia tangu wakati wa palizi. Wilbert alipofika Singe alimkuta anashuka ngazi za barazani kwa upande, kama kaa, akishika ukuta. Kesho yake akampeleka hospitali, daktari akaagiza picha. Fundi wa picha aliishika kwenye mwanga, akaweka kidole juu ya doa jeupe nyuma ya goti, akamwambia mwenzake kwamba huyu ana fabella. Wilbert akamwomba arudie, kisha amtajie herufi. Fundi akataja, akasema maelezo atatoa daktari. Daktari alikuwa ameshaingia chumba cha upasuaji. Wakaambiwa warudi Jumatatu.

Wilbert hakungoja Jumatatu. Usiku huo aliingia kwenye simu, na simu ikamweleza kwa Kiingereza habari ya maumivu nyuma ya goti na ya upasuaji wa kukitoa kitu hicho. Simu ilimweleza na mengine, lakini mtu mwenye hofu anasoma anachokiogopa.

"Baba mdogo, wewe Kilatini unakijua," alisema. "Hiki kitu ni nini?"

"Fabella," Sosthenes alisema, akizitamka l zote mbili. "Maana yake harage dogo."

Wilbert alingoja. "Basi?"

"Basi. Ukitaka asili yake, vuta kiti."

Wilbert akavuta kiti. Sosthenes aliweka koleo chini, akajifuta mikono, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akafundisha.

Shina la neno, alisema, ni faba, harage, nomino ya jinsia ya kike katika kundi la kwanza la nomino za Kilatini. Na isidhaniwe kuwa ni haya maharage ya Babati. Haya asili yake ni Amerika, na Warumi walikufa bila kuyaonja. Faba yao ilikuwa pana na bapa. Walipotaka kuidogosha nomino waliiongezea kitu mwishoni: -ulus kwa jina la kiume, -ula kwa la kike, -ulum kwa lisilo la kiume wala la kike, majina mengine yalichukua -culus, mengine -ellus na -ella. Kiswahili hudogosha mwanzoni mwa neno, Kilatini mwishoni. Hiyo ni tofauti ya juu juu. Tofauti iliyomfurahisha yeye, na ambayo aliifundisha mwaka baada ya mwaka kwa wavulana waliosinzia, ilikuwa nyingine. Sisi tukidogosha, tunakihamisha kitu ukoo. Mtoto anacheka, lakini kitoto kinacheka. Akishaitwa kitoto ameondolewa katika ngeli ya watu, ametupwa katika ngeli ya visu na viti, na vitenzi vyote vinamfuata huko. Mrumi hakufanya hivyo. Jina la kike likidogoshwa lilibaki la kike, la kiume likabaki la kiume. Vighairi vipo, lakini ni vichache. Kitu kilipungua kimo, hakikuhama nyumba.

"Na si kila kitu walichokiita kidogo kilikuwa kidogo," aliongeza. "Mjomba, yaani kaka wa mama, walimwita avunculus, kutoka avus, babu. Babu mdogo. Kama wewe unavyoniita baba mdogo, na hakuna anayedhani nina kimo cha huyu jogoo."

Wilbert alicheka, mara ya kwanza asubuhi hiyo. Sosthenes akaona afadhali aseme na udhaifu wa neno lenyewe, maana hakupenda kumpa mtu habari iliyosafishwa. Kwa kanuni, faba ilitakiwa izae fabula. Lakini fabula ilikuwa tayari na mwenyewe: ni hadithi, kutoka kitenzi cha kusema, na hadithi fupi ndiyo Warumi wenyewe waliyoiita fabella. Wataalamu wa mifupa walikuja karne nyingi baadaye. Walikuta kifupa cha mviringo kimelala nyuma ya goti, kikawakumbusha harage, wakakipa jina hilo bila kuuliza lina nani ndani. Uzembe kidogo, kwa maoni yake, ila hauna madhara.

"Kitatolewa kwa kisu?"

"Hilo nomino haisemi."

Hapo Wilbert akatoa jambo lililomleta. Alitaka mama yake ahamie Dodoma. Nyumba yake haina ngazi, hospitali kubwa iko karibu, na shamba la Singe lingekodishwa kwa Venance, jirani wa mpaka wa chini, mtu mwangalifu na mwenye trekta dogo la mkono. Venance alikuwa amepewa nafasi ya kukodi shamba jingine Maisaka, hawezi kuyachukua yote mawili, na aliomba jibu Jumapili. Lililobaki ni kauli ya Sosthenes. Shamba lilikuwa la kaka yake, na katika ukoo wao ardhi ya marehemu haikodishwi bila ndugu wa marehemu kusema ndiyo mbele ya watu.

Sosthenes alimfahamu Benadetha tangu alipoletwa Singe akiwa bibi harusi. Tangu mume wake afariki alililima shamba lile mwenyewe, mahindi na maharage pamoja, na kila tuta alilijua lilivyo: hili linatuama maji, lile lina changarawe, lile linataka samadi kila mwaka. Aliwahi kukaa Dodoma kwa mwanawe wiki chache. Aliporudi alisema nyumba ni nzuri, mkwe ni mzuri, chakula kizuri. Ila kule mtu anaamka asubuhi akiwa hana mahali pa kwenda. Hakulisema kama lalamiko. Alilisema kama mtu anavyotaja hali ya hewa ya mahali asipokusudia kuishi.

"Nitakuja kesho baada ya misa," Sosthenes alisema. "Nitasema nitakachokuwa nakijua."

Alipofika Singe Jumapili alikuta uwanja umejaa. Jovita, mwenyekiti wa Jumuiya ya Kikristo ya pale kijijini, alikuwa amepita Jumamosi jioni kusalimia, akaambiwa neno, akalipeleka kwenye sala. Sasa Jumuiya nzima ilikuwa imekuja na sukari, mchele, maziwa kwenye kibuyu, na sura za msibani. Benadetha alikuwa ameketishwa barazani na mguu umeinuliwa juu ya stuli, amefunikwa shuka mpya, na kila alipojaribu kuinuka mtu alimrudisha kwa mkono wa upole.

"Mama Wilbert, usitusumbue," Jovita alikuwa anamwambia. "Fabela haitaki mtu wa kiherehere. Yule wa Dareda ilimpandia kiunoni kwa sababu ya kutotulia."

"Yupi wa Dareda?" Sosthenes aliuliza.

"Mwalimu, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Yupi wa Dareda?"

Jovita alisema habari hiyo kaipata kwa dada yake, ambaye naye hakumtaja jina kwa kuheshimu marehemu. Kisha akamweleza kwamba Jumuiya imeshapanga: Jumatano watakuja wote kung'oa maharage ya mgonjwa, maana yamekauka na yakikaa wiki nyingine maganda yatafunguka yenyewe na harage litabaki chini. Sosthenes alikubali kwamba hilo lilikuwa jambo la maana.

Benadetha alimkonyeza shemeji yake, akaomba asindikizwe bombani anawe mikono. Alipofika nyuma ya nyumba alisimama kwa mguu mmoja, mwingine ameulegeza, akamtazama.

"Wilbert amenieleza ulivyomwambia. Harage dogo."

"Ndivyo neno linavyosema."

"Basi ingia pale uwaambie ni kitu kidogo, si kitu cha kumtoa mtu kwake. Wewe ukisema, watanyamaza. Venance ataenda zake Maisaka."

Sosthenes alilijua ombi hilo kabla halijatoka mdomoni, na alikuwa amelipima njia nzima kutoka Bagara. "Neno linasema umbo lake, shemeji. Halisemi kama linauma au haliumi. Wilbert amesoma kwamba kuna watu linawauma mpaka linatolewa. Siwezi kumkatalia jambo ambalo sijui."

"Kwa hiyo unaninyima neno moja."

"Nakunyima neno nisilolijua."

"Miaka yote umewafundisha watoto maneno ya watu waliokufa," Benadetha alisema polepole. "Leo mtu mzima anayepumua anakuomba moja, unamwambia hulijui."

Sosthenes alimpa mkono ashike wakarudi barazani, na katika mwendo huo mfupi Benadetha aliweka uzito wake wote ukutani badala ya mkononi mwake.

Kikao kilikaa sebuleni. Wilbert alieleza kwa utaratibu, bila kuongeza chumvi: ugonjwa, nyumba ya Dodoma, masharti ya Venance. Venance mwenyewe alikaa karibu na mlango, kofia mapajani, akisema yeye hana haraka ya kumtoa mtu, ila msimu hauna subira. Benadetha aliletewa kiti akakaa kando ya meza ya chai. Hakuna aliyemwuliza kitu. Haikuwa dharau. Katika nyumba zile, mzazi akiugua, watoto waliosoma ndio humsemea, na kumwacha mzee ajieleze mwenyewe mbele ya watu ni kumtweza, kama kumwacha abebe mizigo yake stendi. Benadetha mwenyewe alimsemea mama mkwe wake vivyo hivyo, zamani, na alisifiwa kwa hilo.

Ilipofika zamu ya Sosthenes, alisema sentensi chache. Neno analijua, kitu chenyewe hakijui. Anayekijua ni daktari, na daktari yupo kesho asubuhi. Kabla ya hapo yeye hasemi ndiyo wala hapana juu ya shamba la kaka yake. Venance kama anaweza kungoja hadi kesho jioni, angoje. Kama hawezi, hakuna wa kumlaumu.

Venance alisema atangoja. Watu wakanywa chai. Benadetha, akimimina palepale mezani, alikiruka kikombe cha shemeji yake kwa birika, jambo ambalo kila mtu aliliona na Jovita alilisahihisha.

Jumatatu walikwenda watatu. Sosthenes hakualikwa na yeyote, lakini alikuwepo kwenye benchi la hospitali kabla yao, na Wilbert alishukuru. Daktari aliyeagiza picha aliitwa Irine, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Benadetha, akamketisha, akatundika picha kwenye kioo chenye taa.

Wilbert alianza. Alieleza goti lilivyoanza, lilivyozidi, fundi alivyosema, alivyosoma. Alieleza vizuri. Dokta Irine alimsikiliza mpaka mwisho.

"Fabella anayo, ni kweli," alisema, akiielekeza kalamu kwenye lile doa. "Watu wengi wanayo. Wengine mguu mmoja, wengine yote miwili. Wengi wanazikwa nayo hawajui."

"Lakini nimesoma kuna inayouma, daktari."

"Umesoma vizuri. Ipo, kwa wachache. Ndiyo maana nataka kujua panapouma."

"Nyuma ya goti."

"Nyuma upande gani?"

Wilbert akamgeukia baba yake mdogo. Sosthenes aliona macho yale yakimjia na akagundua kwamba naye hana cha kuyapa. Aliangalia sakafu. Jumamosi alikuwa ametoa asili ya nomino ile, jinsia yake, viambishi vyake na uzembe wa waliolipa jina, akamweleza mhandisi mzima zaidi ya nusu saa, na Jumapili amesimama bombani na mwenye goti uso kwa uso. Katika yote hayo hakumwuliza panauma wapi. Aliliandika kosa hilo kichwani kama alivyokuwa akiyaandika ya wanafunzi, pembeni, kwa wino mwekundu, bila huzuni. Lilikuwa kosa la njia, si la maarifa.

"Mama," daktari alisema, "nataka unijibu wewe."

Benadetha alimtazama kwanza mwanawe, kwa mazoea. Daktari akangoja. Wilbert akatikisa kichwa kidogo, kama anayempisha mtu mlangoni.

"Huku ndani," Benadetha alisema, na kidole chake kikaenda moja kwa moja nyuma ya goti, upande unaotazamana na mguu wa pili. "Kuna kamba hapa. Asubuhi inavuta."

Daktari alimlaza kitandani kifudifudi, akabonyeza pale. Benadetha akavuta pumzi kwa meno. Kisha daktari akahamisha vidole upande wa nje, pale hasa doa jeupe lilipokuwa kwenye picha, akabonyeza.

"Na hapa?"

"Hapo hapana kitu. Bonyeza utakavyo."

"Nikizidisha?"

"Zidisha, unanikanda."

Dokta Irine alicheka. Akaukunja mguu, akaunyoosha, akaupima nguvu, akabonyeza upande wa nje tena ili kujiridhisha. Kisha akauliza kazi gani alikuwa anafanya goti lilipoanza. Wilbert alishaanza kusema palizi, akajizuia. Benadetha aliona maelezo ni marefu, akashuka kitandani aonyeshe. Alisimama katikati ya chumba, akafunga kitenge vizuri, akainama kuanzia kiunoni, miguu imenyooka kama nguzo, mikono ikigusa sakafu, akapalilia kwa jembe lisilokuwepo, kisha akang'oa mashina ya maharage yasiyokuwepo, moja baada ya jingine, hadi karibu na meza ya daktari. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, alisema, na mama yake hakuwahi kupiga goti shambani. Kupiga goti shambani ni uvivu.

"Simama, mama, inatosha," daktari alisema. "Sasa nimeona."

Alichora kwenye karatasi. Kano zinazotoka nyuma ya paja hupita upande wa ndani wa goti na kushikwa chini yake. Mtu akiinama kutwa, magoti yamekazwa, zile kano zinavutwa kutwa. Ukiwa kijana zinasamehe. Kano ya mama imevutika na imevimba, na hicho kifupa kiko upande mwingine kabisa, hakina habari. Kisu hakihitajiki. Dawa kidogo, kitambaa cha maji ya moto, mazoezi atakayoonyeshwa, na shambani asiiname miguu imenyooka tena maisha yake yote. Wiki hizi chache asing'oe kabisa.

"Kulima hatalima?" Wilbert aliuliza.

"Nani kasema? Akikaa tu ndipo litakaza. Alime, ila akunje magoti, na abadilishe mkao."

Benadetha alikuwa anafunga kilemba. "Na hilo harage langu?"

"Libaki hapo hapo, mama. Ni lako. Ila kwa nini mnaliita harage?"

Sosthenes alilijibu hilo kwa ufupi, na kwa mara ya kwanza mbele ya mwenye harage. Dokta Irine alisema alikariri majina yale yote chuoni kama mtu anayekariri namba za simu. Hakuna aliyewahi kumwambia ndani yake kuna vyakula. Aliuliza kama ni harage kama haya yetu. Sosthenes akaeleza kwamba hapana, Warumi hawakuyajua haya.

"Maskini," Benadetha alisema. "Walikula nini na makande?"

Njiani kuelekea stendi hakumsemesha shemeji yake mpaka walipofika kwenye kivuli cha duka la dawa. Hapo alisimama apumzishe mguu.

"Jana ungesema nilivyokuomba," alimwambia, "leo Wilbert angekuwa bado ana wasiwasi, na mimi bado nashika ukuta."

"Ndiyo."

"Nilikukasirikia sana."

"Nililiona birika."

"Lakini na wewe, shemeji, ulikuwa na goti mbele yako, ukatafuta mizizi ya jina."

"Ni kweli," Sosthenes alisema. "Nilipaswa kuanza na swali."

Benadetha akakubali kwa kichwa, akamshika mkono, na safari hii uzito aliuweka pale unapotakiwa. Kumhusu Venance aliwaambia wote wawili wasitume ujumbe wowote. Anayehusika atasema mwenyewe.

Jumatano Jumuiya ilifika Singe alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, maana maharage hung'olewa yakiwa na unyevu ili maganda yasipasuke mkononi. Habari za daktari zilikuwa zimewatangulia, na Jovita alizipokea kwa hisia zilizochanganyika.

"Mama Wilbert, tumeshakusalia nusu ya novena ya siku tisa," alisema. "Tumeanza na ugonjwa mkubwa, sasa tunaambiwa ni kamba."

"Iacheni akiba. Nitaumwa kingine."

"Na yule wa Dareda je?"

"Mwulize dada yako alikuwa anaumwa upande gani."

Watu walicheka, wakaingia matutani. Benadetha alikaa kwenye kiti cha plastiki penye kona ya shamba, kwa amri ya hospitali, akawasimamia. Hakuwa msimamizi mpole. Kila aliyeinama miguu imenyooka aliitwa kwa jina, kuanzia mwenyekiti wa Jumuiya, na Wilbert, aliyeomba ruhusa ya siku mbili zaidi kazini, aliitwa mara nyingi kuliko wote. Mashina yalilazwa kwenye turubai, mizizi upande mmoja. Sosthenes alipewa tuta la pembeni, jembamba. Alilimaliza, akainua kichwa, akaona amebaki nyuma ya kila mtu, na hali hiyo haikumsumbua.

Jua lilipopanda Venance alitokea mpaka wa chini, akapita kati ya watu akisalimia, kofia mkononi. Alimfuata Wilbert tutani. Alisema alingoja Jumatatu, akangoja Jumanne, na mwenye shamba la Maisaka anampigia simu. Angependa kujua ukoo umeamuaje.

Wilbert hakusimama. Aling'oa shina alilolishika, akakung'uta udongo.

"Muulize mama," alisema.

Venance alimtazama Mwalimu Sosthenes, ambaye kauli yake ndiyo iliyotakiwa. Sosthenes akainua sauti ili kila aliyekuwepo asikie, kwa sababu taratibu ni taratibu: yeye, ndugu wa marehemu, anakubali lolote atakalolisema mwenye kulilima.

Venance akapanda hadi penye kiti cha plastiki, akamwamkia Benadetha, akarudia shida yake tangu mwanzo. Benadetha alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikilizwa mwanawe na daktari.

"Chukua la Maisaka," alimwambia. "Hili nalima. Mwakani nitakuita na hilo trekta lako unilimie, maana kuinama kutoka kiunoni nimekatazwa. Tutapatana."

"Sawa, mama."

"Na maadamu umeshafika," Benadetha alisema, akimwonyesha tuta ambalo halikuwa na mtu, "weka kofia hapo, ukunje magoti, ung'oe."